Jina la Bi Standifer

Katika mji wa Ashby, jimbo la Georgia, mtoto wa Kizungu wa miaka mitano alikuwa na ruhusa ya kumwita mwanamke Mweusi mwenye wajukuu kwa jina lake tupu, na mwanamke huyo aliitikia, "Naam, Bi mdogo." Lutie Standifer, aliyefua nguo za watu, aliitikia hivyo miaka mingi na hakuzoea hata siku moja. Alipojaliwa binti alimpa jina zuri, kisha akalifungia ndani, Mzungu asije akamwita kwa jina hilo tupu. Majirani na waumini wa kanisani walilijua, na wote waliambiwa wafunge midomo. Mzungu akiuliza, mtoto anaitwa O. F. Standifer, basi.

"Jina lako la kwanza ni kama nguo ya kulalia," Mama Lutie alimwambia bintiye. "Ni zuri, ni lako, lakini huendi nalo sokoni."

Binti akasomea uuguzi Atlanta, akarudi na cheti na viatu vyeupe, akaajiriwa katika hospitali ya mji. Si juu kwenye madirisha, la. Alipelekwa chini kabisa, wodi ya Weusi, jirani na tanuri la kuchemshia maji. Manesi wa Kizungu waliitwa Bi Fulani, manesi Weusi wakaitwa majina yao ya kwanza kama watoto wanaotumwa chumvi dukani. Matroni wa siku hizo, Bi Haverty, alimpokea kalamu mkononi.

"Jina?"

"Standifer, Bi."

"La kwanza."

"O. F."

"Kifupi cha nini?"

"Cha O. F., Bi."

"Kwani mama yako aliishiwa majina?"

"Hapana, Bi. Mama ni mtu wa kubana matumizi."

Alisema hivyo kwa upole kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumfukuza kwa jibu hilo. Bi Haverty akaamua kumwita Mary. Kila akiita "Mary!" O. F. aliendelea kukunja bandeji zake, maana Mary hakuwepo pale. Wengine tungerusha beseni. Yeye hakugombana na mtu. Mpaka asubuhi moja mgonjwa alipoanguka kutoka kitandani, na Bi Haverty, kwa haraka, akaita "Nesi Standifer!" Kabla hajafunga mdomo O. F. alikuwa ameshapiga magoti kando ya mgonjwa. "Bi" ilikuwa bado, lakini hata hiyo si haba.

Kisasi chake kilikuwa cha namna nyingine. Asubuhi, wakipokezana zamu, alipita kitanda hadi kitanda akimtaja kila mgonjwa kwa Bwana au Bi. Mzee Pruitt, aliyelima pamba katika shamba la watu maisha yake yote, siku ya kwanza aligeuka kutazama nyuma yake amwone huyo Bwana Pruitt.

"Ni wewe, Bwana Pruitt. Umelalaje?"

"Nesi, ukinidekeza hivi nitakataa kupona."

"Utapona tu. Kitanda nakitaka."

Kisha serikali kuu ikatangaza kwamba hospitali inayotenga wagonjwa kwa rangi haitaziona fedha za serikali, na milango ikafunguka kwa kasi ambayo mahubiri ya miaka mia hayakuwahi kuifikia. Wodi zikaunganishwa, O. F. akapanda juu na utaratibu wake. Manesi wa Kizungu wakajikuta wanasema "Bwana" na "Bi" kwa watu waliozoea kuwaita kwa mluzi. Wengine waliyameza maneno hayo kama dawa chungu, lakini waliyameza. Wodi ikatulia, wagonjwa wakapungua kulalamika, madaktari wakaanza kumwomba awafundishe manesi wapya. Mara mbili alirukwa cheoni na wasichana aliowafundisha mwenyewe. Iliuma, na alilia jikoni kwa mama yake bila kuona haya. Jioni akaendelea na masomo ya shahada, akaimaliza. Bi Haverty alipostaafu, hapakuwa na wa kumruka tena. Akawa matroni mkuu, Mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho, na hospitali nzima ikamwita Bi Standifer.

Alifurahi, kwa nini asifurahi? Ila kulikuwa na jambo moja lililomtafuna. Je, heshima ile ilikuwa yake kweli, au walimwita Bi kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kumwita?

Shemasi Beal wa kanisani kwao, fundi wa kuandika mabango, akaja kuandika jina mlangoni mwa ofisi. Manesi walikuwa wameshawekeana dau la keki juu ya zile herufi mbili. Darlene, nesi kijana wa Kizungu, akamnyemelea.

"Shemasi, ni Olive, siyo? Niambie tu, nitakuletea pai ya pichi."

"Binti, nimekula pai za mama yake miaka na miaka. Ya kwako itanifikisha wapi?"

Akaandika BI O. F. STANDIFER, akafuta brashi zake, akaenda zake.

Kesho yake Mama Lutie akaja kuuona mlango huo. Alivaa kofia yake ya Jumapili, akaingia kwa lango la mbele, lile alilokatazwa ujana wake wote. Korido ilijaa watu. Binti yake alikuwa mwisho kabisa, amempa mgongo. Mama Lutie akavuta pumzi.

"Ozella! Ozella Faye!"

Bi Standifer akaja haraka.

"Mama," alinong'ona, "umesahau? Wamesikia wote!"

"Sijasahau kitu. Nimeita makusudi. Nimechoka kunong'ona jina nililokupa mwenyewe. Kama wataacha kukuheshimu kwa kulisikia, tujue leo leo, nimeshavaa kofia, twende zetu nyumbani."

Kisha Darlene akaja na faili mkononi, uso umemwiva, akafungua mdomo. Ozella akasubiri, kama alivyosubiri mbele ya meza ya Bi Haverty.

"Samahani, Bi Standifer," alisema Darlene, "Bwana Cobb anakuulizia, anataka chai." Kisha akamgeukia bibi mwenye kofia. "Karibu sana, Bi Standifer."

Mama Lutie akageuka kutazama nyuma yake.

"Ni wewe, Mama," alisema Ozella.