Nilichora bikari na skwea juu ya mlango wa mama, nikaulizwa maana yake

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za alama za Freemason, na wengi mnaandika msichokijua. Yangu yalinikuta mwenyewe, Ufipa. Siongezi chumvi, hata nguvu ya kuongeza sina.

Niliondoka Mwazye na viatu vya kuazima. Nikarudi kutoka Zambia, miaka ile ya ruksa, nina diploma ya ujenzi na pikapu yangu. Diploma za kijiji kizima zilikuwa ngapi? Hiyo yangu.

Saruji na bati zilishaanza kupatikana Sumbawanga mjini bila kibali cha mtu. Nikamjengea mama nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne. Hadi leo haina ufa, mtakaopita mtaiona.

Juu ya mlango nikachora kwa saruji bikari na skwea, ile rula ya fundi ya kupimia pembe mraba. Ndivyo vifaa vilivyonilisha. Fundi cherehani akichora mkasi, nani anashtuka?

Siku ya kumhamishia mama humo, watu walijaa. Katekista akaja kubariki. Akafika mlangoni, akatazama juu.

"Kijana wangu, hii si alama ya wale watu?"

Ningesema ni vifaa vya kazi, karibu ndani mzee, yangeishia hapo. Lakini mwenye diploma anaulizwa mbele ya watu, ananyamazaje?

Nikatoa somo. Kwamba wale nao walizichukua kwa waashi wa zamani. Skwea kwao ni kuwatendea watu kwa unyoofu. Bikari ni kujiwekea mpaka, tamaa isivuke. Pimamaji, binadamu wote sawa. Ile herufi G ya katikati ya alama yao, wengine husema ni God, yaani Mungu, wengine jiometri.

Nilieleza vizuri mno, wakuu.

Mjomba akakohoa. "Mpwa, mambo ya ndani hivyo umeyajulia wapi?"

"Niliezeka ukumbi wao kule Zambia, mjomba. Msimamizi ndiye aliyenieleza."

"Ukayajulia paani."

"Ndiyo."

"Na pikapu nayo uliipata huko huko paani?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Katekista akasema amesahau maji ya baraka, atarudi. Hakurudi.

Kesho yake nikapanda ngazi na patasi, nikaibomoa ile alama, nikapiga plasta. Likawa kosa la pili. Mama alikuja akasimama chini ya ngazi.

"Kama haina neno, baba, unaifuta ya nini?"

"Ili ulale humu, mama."

"Wewe ni mwanangu, nitakupikia kama zamani. Humo silali."

Akarudi kwenye nyumba yake ya nyasi, hatua chache kutoka kwenye bati zangu. Miaka tisa. Kila mwaka kabla ya mvua nilikwenda kumwezekea upya, mimi na diploma yangu, nafunga nyasi kwa kamba. Alinishikia ngazi, tukaongea mengine yote.

Alifia kwenye hiyo ya nyasi. Ile ya tofali tunaweka mahindi.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa: mtu mwenye hofu akikuuliza maana ya kitu, kwanza mkaribishe aketi. Mimi nilitaka wajue kwamba najua.

Wataalamu wa alama karibuni, nikosoeni. Ila wenye mama hai waanze wao: ungekuwa wewe pale mlangoni, ungemjibu nini katekista?