Firigisi ya Felisiani

Enzi hizo Izia ilikuwa mashamba tu, na nyumba chache pembeni ya mji wa Sumbawanga, na katika nyumba hizo kila mtu alikuwa na neno la kusema juu ya Dominika. Hakuna neno lililokuwa zuri. Ana mdomo. Ana kiburi. Mwanamke aliyezaliwa bondeni Milepa, kwenye joto na mbu, atajuaje adabu za watu wa huku juu kwenye baridi? Dominika aliyasikia yote, maana waliosema hawakujisumbua kunong'ona, na aliyajibu yote, mengine kwa ulimi na mengine kwa mwiko. Mimi simtetei. Nasema tu kwamba mtu akizungukwa na mbwa wanaobweka, akaokota jiwe, msimwite mgomvi.

Mumewe, Felisiani, alikuwa ameondoka mara baada ya vita vya pili vya Wajerumani kwisha. Alipanda lori la wakala wa mkonge kule mjini, akaenda Tanga kuwa manamba, kutafuta kodi ya kichwa. Nyuma alimwacha Skola, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede, na mimba ambayo mwenyewe hakuijua. Alisema atarudi Noeli. Hakusema Noeli ya mwaka gani.

Sasa, katika ukoo wa kina Felisiani jogoo wa Noeli alikuwa na sheria zake. Mapaja ni ya wageni, kidari cha wazee, shingo na mabawa ya watoto, mgongo wa mpishi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na hapo hapakuwa na mjadala. Mke aliyemnyima mume firigisi alirudishwa kwao akamuulize mama yake alimfundisha nini. Kanyama kenyewe si lolote, ukikapasua na kukabandua ngozi ya ndani kanabaki tonge moja tu, lakini kwa tonge hilo watu walijua nyumba ni ya nani.

Noeli ya kwanza bila Felisiani, kaka yake mkubwa, Ignasi, aliyekaa ng'ambo ya ua, alituma ujumbe asubuhi mapema. Jogoo akichinjwa, firigisi ipelekwe kwake. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, na methali ikitoka kinywani mwa mkubwa inageuka amri.

Dominika alimpelekea miguu, kucha zikiwa bado.

Firigisi aliitia kwenye bakuli la udongo, akalifunika kwa ungo mdogo, akaliweka juu ya kigoda cha Felisiani mbele ya moto. Akampigisha Skola magoti. Akamfundisha kusema: "Baba, karibu chakula." Wakala ugali wao, na Flavian, kitoto kichanga, akanyonya. Walipomaliza, Dominika akafunua bakuli, akachungulia ndani kama anayesoma kitu, akasema: "Baba ameshiba. Amewaachia." Akaikata firigisi vipande vidogo, akamlisha mtoto.

Ndivyo ilivyoanza, na mtoto ukimwonjesha jambo mara moja, mwakani anakudai. Noeli huja wakati wa mvua, ukungu umeulalia uwanda mzima, vihenge vimebaki vumbi na watu wanakula mboga za majani. Lakini Dominika alikuwa na ulezi wake wa Noeli, na heri ufe kuliko kuugusa. Mwezi ukianza waliloweka kimea. Watoto walikwenda mtoni kuchimba udongo mweupe, wakapaka kuta hadi wao wenyewe wakawa weupe kuliko nyumba. Kisha walikwenda barazani kwa Mzee Halfani mjini, mshonaji akawapima nguo za amerikani, kubwa makusudi ili zidumu hadi Noeli nyingine. Siku yenyewe walitembea kwenye matope kwenda misa, viatu vya mama mkononi, na kanisani walipanga foleni kumwona Mtoto Yesu pangoni. Mwaka mmoja Flavian alimtazama Mtakatifu Yosefu wa udongo kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa padri: "Yule naye amerudi kutoka mkonge?" Waumini wakacheka. Dominika akamfinya.

Wakishatoka kanisani walikimbia nyumbani. Si mapaja waliyoyakimbilia. Walikimbilia "filigisi", kama walivyoita kwa ulimi wa Kifipa, na zaidi ya filigisi walikimbilia lile neno. Amewaachia. Flavian, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, alimpenda kwa sababu hiyo moja, kwamba kila Noeli baba huja, hula kidogo, na huwaachia wengine. Ukiniuliza, wako kina baba wengi waliolala nyumbani kila siku ambao hawakupata sifa hiyo.

Usidhani Dominika aliyafanya hayo kwa mapenzi matamu. Alikuwa na hasira na Felisiani hadi akisonga ugali chungu kinalia. Lakini alijua jambo moja. Nyumba isiyo na mwenyewe huingiliwa, na Ignasi alikuwa mlangoni. Ignasi alilitaka shamba, kisha nyumba, kisha kihenge, na mwisho, kama yangebaki machicha, alimtaka na Dominika awe mke wa pili. Siku ambayo Felisiani angehesabiwa maiti, vyote hivyo vingekuwa vyake kwa mila, na watoto wangemwita baba. Kigoda na bakuli ndiyo ngome pekee aliyokuwa nayo yule mwanamke.

Noeli aliyotimiza Flavian miaka mitano, Ignasi hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe, na akaja na mama yake, Mama Josefina, kizee kilichokuwa kimemchukia Dominika tangu siku ya posa. Watoto wakaamkia shikamoo, Dominika akaweka chungu cha pombe na mirija. Ignasi hakugusa mrija. Alikwenda moja kwa moja hadi motoni, akaliinua bakuli na kukaa juu ya kigoda, akaliweka magotini.

"Baba mkubwa!" Flavian akapiga kelele. "Hicho ni kigoda cha baba!"

"Baba yako kaliwa na mkonge," Ignasi akasema. Akauondoa ungo, akauweka chini. Akaishika firigisi kwa vidole viwili, akaiinua kila mtu aione. "Mama ni shahidi. Tumengoja vya kutosha. Asiyekuwepo na lake halipo."

Watoto wakaanza kulia. Kila aliyemjua Dominika angetegemea mwiko uruke. Haukuruka.

"Kula, shemeji," akasema. "Ila kula taratibu, nipate kufungua kitambaa. Maana ukishaimeza hiyo, Felisiani kafa, na mimi siwezi kumlilia mume wangu na kitambaa cha sikukuu kichwani." Akaanza kukifungua kweli. "Mama, wewe ndiye uliyemzaa, anza wewe kulia, sisi tutakupokea. Skola! Kimbilia kwa majirani, waambie waache kula, msiba uko hapa. Waambie tarumbeta za Noeli zinyamaze, Felisiani tunamzika leo."

Skola akasimama, asijue aende au abaki. Mama Josefina, pale kwenye mkeka, aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Katika hesabu zao zote za shamba na kihenge, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ili Ignasi ale, Felisiani sharti afe, na kwamba atakayetoa kilio cha kwanza ni yeye. Firigisi ilikuwa imefika midomoni mwa Ignasi wakati fimbo ya kizee ilipomshukia mkononi.

"Weka chini! Usinimezee mwanangu siku ya Noeli!"

"Mama, sisi tulikubaliana..."

"Weka, nimesema! Ondoka kwenye kigoda cha watu!"

Ignasi akaweka. Kizee kikamgeukia Dominika, macho yamejaa maji na chuki pamoja. "Na wewe usinitazame hivyo. Sikupendi, na hadi naingia kaburini sitakupenda. Lakini mwanangu hajafa."

"Hajafa, mama," Dominika akasema, akafunga tena kitambaa chake.

Alishinda, na alilipa. Tangu siku hiyo Ignasi aliwakataza watu wake wasimsaidie Dominika kufukia nyasi wala kuinua matuta, na wale majirani waliokuja kwenye pombe yake ya kulimia walikunywa pombe wakaacha kulima. Wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Hawa walishika mirija. Mbaya zaidi, Ignasi alitafuta neno la kumuulia, akalipata. "Firigisi hailiwi na upepo," alisema kila palipokuwa na chungu. "Bakuli lile lina mwenyewe, na huja gizani." Maneno hayo yakamtangulia Dominika kisimani, yakamfuata kanisani. Hata katekista alimuuliza. Dominika aliwatukana wote, kisha akaenda kulima peke yake na watoto wake, mgongo ukiwaka moto, na kila Noeli akaliweka bakuli palepale.

Ndipo Felisiani akarudi.

Alirudi siku chache kabla ya Noeli, kwa miguu kutoka mjini, na kofia, na viatu vya njano, na sanduku la bati ambalo lilikuwa jepesi kuliko kelele zake. Alikuwa wapi? Kazini. Alisema hivyo tu, kazini, kama mtu aliyetoka jana. Mama Josefina alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, akamsukumia Flavian mbele, akisema huyu ndiye uliyemwacha tumboni. Skola alisimama mlangoni akimtazama kuanzia viatu hadi kofia, hakusogea. Dominika alimtengea maji ya kuoga. Alifurahi, sitamsingizia. Alifurahi hadi akajichukia kwa kufurahi. Miaka yote ile amemlinda mtu huyu kwenye vinywa vya watu, na sasa amekuja mwenyewe, ana miguu miwili na kivuli. Sasa Ignasi ataona.

Siku ya Noeli walikwenda misa, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mwanamume mbele yao njiani. Dominika aliwatazama waliomtazama. Nyumbani alichinja jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote. Mama Josefina alikuja, na Ignasi naye alikuja, akajipachika kwenye chungu cha pombe kama mtu aliyesamehewa. Felisiani akakaa kwenye kigoda chake. Dominika akaleta bakuli, limefunikwa kwa ungo uleule mdogo, akamwekea mbele, na watoto wakapiga magoti bila kuambiwa.

"Baba, karibu chakula," wakasema kwa pamoja.

Felisiani akacheka, akamtazama kaka yake. "Watoto wana adabu hawa!" Akafunua, akaichukua firigisi, akaitia yote mdomoni. Akaitafuna kwa muda mrefu huku akisimulia habari za Tanga. Watoto walibaki wamepiga magoti, viganja wameviunga pamoja, kama walivyozoea. Akameza, akapangusa vidole kwenye goti la suruali, akaendelea kusimulia.

Flavian akainuka, akachungulia ndani ya bakuli. Akaligeuza, akatazama na chini yake.

"Mama, huyu mbona hakutuachia?" akauliza. "Baba yule wa siku zote alikuwa anatuachia."

Mirija ikatoka vinywani. Ignasi akajipiga paja, taratibu, uso umenawiri. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nilinyamaza kwa heshima yako tu. Mtoto hasemi uongo."

Felisiani alikwishasimama, na kigoda kikaanguka nyuma yake. "Baba yupi?" akamuuliza Dominika. "Nakuuliza, mwanamke. Baba yupi wa siku zote?"

Dominika akamtazama Mama Josefina, ambaye alijua kila kitu, ambaye fimbo yake iliwahi kulilinda bakuli hilohilo. Kizee kilikuwa kinatazama mlango. Mwanawe amerudi, na ya nini tena kumtetea mke aliyetoka bondeni?

Basi Dominika akaliokota bakuli, akalisogeza hadi puani mwa mumewe.

"Baba mwenyewe huyu hapa," akasema. "Mnuse. Ndiye aliyewalea wanao. Hakulewa, hakunipiga, hakuniuliza nilikuwa na nani, na kila Noeli aliwaachia watoto kabla hajashiba. Kwa ajili yake nimetukanwa na kaka yako, na mama yako, na Izia nzima, nikalima kama punda. Nilidhani ni wewe."

Kisha akampa Skola bakuli akalioshe.