Soksi Zilizopigwa Pasi

Zamani mtu aliyeumwa mguu aliupeleka kwa daktari, daktari akautazama; siku hizi mguu huohuo sharti kwanza utazamwe na bima, na bima haina macho.

Dobi aliyajua hayo uzeeni. Mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi. Alisimama mbele ya meza ileile tangu enzi za pasi ya mkaa, wakati shati lilikuwa shati na suruali ingeweza kusimama bila mtu ndani. Sasa wateja walikuwa wa kuokoteza, maana watu wanatembea na makunyanzi mchana kweupe na hawaoni haya. Yeye hakuacha. Lakini kusimama kule kulimtokea miguuni. Mishipa ya mguu wa kushoto ilivimba ikajisokota kama kamba iliyolowa, jioni mguu ukawa mzito kama gunia la mchanga, na ngozi ya juu ya kifundo ikaanza kuiva rangi nyeusi.

Daktari alisema mshipa ule ufungwe kwa joto kabla ngozi haijapasuka.

"Ukitoka kidonda hapo, mzee wangu, kusimama basi tena."

"Kwa hiyo mnaupiga pasi?" Dobi alicheka. "Angalieni msiunguze."

Lakini ile "basi tena" alikwenda nayo hadi nyumbani. Dobi asiyesimama ni nani? Ni mzee tu aliyekaa kwenye kiti.

Kwenye dirisha la bima yeye na mkewe walijibiwa kuwa kibali kimekataliwa. Wakubwa waliona ni mambo ya urembo.

"Urembo?" mkewe alidakia. "Huyu? Mwanangu, mimi niliyezaa naye sijawahi kumwona na kaptula!"

"Mama, usinigombeze mimi," alisema binti wa dirishani. "Baba avae kwanza soksi za kubana, miezi mitatu. Zisipomsaidia, nesi atathibitisha, nao watatoa kibali."

Dobi akazivaa. Kuzipandisha asubuhi ilikuwa mieleka, mkewe akivuta huku na yeye akikata pumzi kule, lakini hakuruka siku. Na kila jioni alizifua kwa mkono wake, kwa sababu hakuruhusu mtu kugusa nguo zake. Kisha akafanya lile ambalo angelifanya hata usingizini. Akazinyunyizia maji, akazikunja sawasawa, akazipiga pasi ya moto.

Siku ya kuthibitishwa, nesi alipandisha suruali akainama karibu. Soksi zilikuwa zimelegea kama ngozi ya embe bovu, ila mbele zilikuwa na mstari mmoja ulionyooka kutoka goti hadi kidole.

"Baba, huu mstari umetoka wapi?"

"Nguo isiyo na mstari ni tambara, binti yangu."

Nesi alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Kisha kicheko kikamkauka.

"Baba yangu, moto umeua mpira wote. Umevaa soksi za kawaida muda wote huu. Siwezi kuandika kwamba ulibanwa. Tunaanza upya."

"Na ngozi yangu itasubiri?"

"Tuombe isubiri."

 Walipofika mlangoni kwao mkewe akafunguka. "Wewe siku ukifa utafufuka uipige pasi sanda yako. Kuanzia leo soksi hizi ni za kwangu. Ukizisogelea, utanitambua."

Alizifua yeye, akazianika kivulini, akazilalia chini ya mto wake. Ile meza akaiwekea kigoda, na mumewe, aliyeapa kwamba pasi haipigwi kwa makalio, akajifunza kukaa, akinung'unika kama injini mbovu. Kila asubuhi mke aliinama, akaikagua ngozi ile kwa kidole chake. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, lakini nzima. Dobi alitazama kichwa cha mkewe kilichojaa mvi hapo chini ya magoti yake, akasema, "Kitambaa chako kimejikunja."

"Koma!"

Ngozi ikasubiri. Nesi akathibitisha, bima ikaona kwa macho ya mwingine, kibali kikatoka, na mshipa ukafungwa mchana mmoja kabla ya chai ya alasiri kupoa.

Dobi alimwona nesi mara moja tu tena, siku alipokwenda kukaguliwa na kukaa kitini akingoja zamu. Alimkuta ukumbini, mgongo ukutani, ametoa mguu mmoja kwenye kiatu, anavikunja na kuvikunjua vidole. Dobi alitazama kifundo kile kilivyoumuka.

"Binti yangu, kaa chini."

"Nikikaa, hawa nani atawahudumia, baba?" Alionyesha benchi lililofurika watu.

Dobi aliinuka akampisha kiti chake. Nesi akatikisa kichwa akitabasamu, akarudisha mguu kiatuni, akaita mgonjwa anayefuata.