Mheshimiwa Mto na waziri aliyevua viatu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, mbunge anavuta mnyororo wa choo cha kwanza. Kimya. Anaingia cha pili, anavuta. Kimya. Cha tatu, mnyororo wenyewe unabaki mkononi mwake.

Mwalimu mkuu wa shule, aliyesimama mlangoni na fungu la funguo, anacheka kwa aibu. "Mheshimiwa, usijisumbue. Vyote kumi na viwili ndivyo vilivyo. Bomba halijawahi kufika hapa."

"Najua, mwalimu. Lakini nikiulizwa bungeni kama nilivijaribu vyote, nijibu nini?" anasema, huku tayari akisukuma mlango wa nne.

Kwenye makabrasha ya serikali, vyoo hivi vimekamilika na vinatumika. Yeye ana daftari lenye jalada gumu, kalamu ya wino na suruali iliyopindwa chini. Hana msafara. Amekuja na mumewe, fundi cherehani, ambaye kila Jumamosi hufunga kibanda chake ili aje kumpigia picha za ushahidi.

"Picha zake zote hutoka zimelala upande," anasema mbunge.

"Mimi nilisomea kukata nguo," mume anajitetea, simu ikiwa usoni. "Hebu sogea, unaniziba mlango."

Mbunge huyu ana miaka hamsini na mbili, na nchi nzima inamjua kwa jina la Mheshimiwa Mto. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wenzake bungeni, kwa kejeli, na baadhi yao waliongeza kwamba ni mto wa kulalia, maana akisimama kuuliza swali wao husinzia.

Siku hizi hawasinzii.

Kabla ya siasa alikuwa mkunga kwa miaka kumi na minane. Zahanati yake ilikuwa upande huu wa mto, na hospitali yenye chumba cha upasuaji upande wa pili. Daraja halikuwepo. Kiangazi maji yalifika magotini. Masika yalifika kiunoni, na siku nyingine hakuna aliyethubutu kuyagusa. Katika miaka hiyo aliwavusha wajawazito sitini na watatu, wakiwa wamekalishwa kwenye kiti cha mbao, wanaume wanne wamekishika miguu, naye mbele akipapasa njia kwa fimbo.

"Wa arobaini na moja alikuwa mdogo wangu, tumbo moja," anasema, na sauti yake inashuka. "Tulikaa ukingoni kwa saa sita tukingoja maji yapungue. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa."

Mdogo wake huyo, ambaye sasa anaendesha duka la vifaa vya shule, anaikumbuka siku hiyo kwa upande wake. "Dada aliniambia, 'Daraja hili nitalidai mpaka wanichoke.' Mimi nikadhani ni machungu tu yanasema."

Uchaguzi uliofuata dada aligombea. Alishinda kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na moja.

Swali lake la kwanza bungeni lilikuwa la sentensi moja: serikali itajenga lini daraja? Jibu lilimfanya ashike ukingo wa meza. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo alisimama, akasoma karatasi yake, akasema daraja limekamilika kwa asilimia mia moja na wananchi wanalifurahia.

"Nilikuwa nimevuka mto huo Jumapili, viatu mkononi," anasimulia. "Nikajiuliza, au nimekosea mto?"

Aliuliza tena kikao kilichofuata. Akajibiwa vilevile, neno kwa neno. Kwa miaka miwili aliuliza mara saba. Ndipo kejeli za Mheshimiwa Mto zilipoanza, na ndipo mnadhimu wa chama chake alipomvuta pembeni kwenye ngazi za Bunge.

"Aliniambia, 'Dada, umeshajibiwa. Ukiendelea hivi, uchaguzi ujao jina lako halirudi.' Nikamwambia, 'Kaka, lisirudi. Mkunga hakosi kazi.'" Anacheka sasa, lakini anakiri kwamba siku ile aliogopa. Nyumbani mumewe alimuuliza kama anataka kuacha.

"Aliniangalia kama nimemtukana," anasema mume. "Nikasema haya, basi ngoja nikushonee koti la heshima. Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe umependeza."

Alikuwa amevaa koti hilo siku ya swali la nane. Waziri alikuwa mpya, ana miezi miwili ofisini. Naye akasoma: asilimia mia moja, wananchi wanalifurahia. Spika akampa mbunge nafasi ya swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, swali sina, nina ombi," alisema. "Waziri twende naye Jumamosi hii mpaka mtoni. Akivuka bila kuvua viatu, nitajiuzulu ubunge palepale ng'ambo. Barua ninayo hapa, imebaki sahihi tu."

Ukumbi ulilipuka. Wengine walipiga kelele kwamba utaratibu umekiukwa, wengine walicheka hadi wakafuta machozi. Spika aligonga meza mara tatu, kisha akamgeukia Waziri na kumuuliza kama ana la kusema.

Waziri alisimama taratibu. "Nitakwenda."

Jumamosi hiyo ukingo wa mto ulijaa watu. Gari la Waziri liliposimama, alimuuliza dereva mbona wamesimama. "Tumefika, Mheshimiwa," dereva akajibu. Mbele yao zilikuwepo nguzo mbili za zege zilizoota majani, na bango refu lililoandikwa kwamba mradi umekamilika. Waziri alisoma bango. Akatazama nguzo. Akasoma bango tena.

"Nilijua atageuza gari," anasema mbunge. "Lakini alikaa juu ya jiwe, akaanza kufungua kamba za viatu. Hapo nikamheshimu."

Waliingia majini pamoja. Katikati Waziri aliteleza, akazama mpaka kifuani, na mbunge akamdaka kwapani. Alimwambia maneno aliyokuwa akiwaambia wajawazito wake: "Shika bega langu. Usitazame maji, tazama ng'ambo."

Walipotoka, suti inachuruzika, Waziri aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mjamzito anapitia wapi?"

"Hapahapa, Mheshimiwa. Tofauti ni kwamba yeye ana uchungu."

Jumatano iliyofuata Waziri alisimama bungeni bila karatasi. "Mheshimiwa Spika, jibu langu halikuwa la kweli. Niliandikiwa, nikasoma. Naliomba radhi Bunge lako, na nawaomba radhi wananchi wale." Wabunge waligonga meza mpaka glasi za maji zikaruka. Hata mnadhimu aligonga. Maofisa watatu waliosaini kwamba kazi imekamilika walifikishwa mahakamani, na miezi kumi na minne baadaye daraja lilifunguliwa.

Mapema mwaka huu mdogo wake alishikwa na uchungu wa mtoto mwingine. Gari lilimvusha kwa dakika moja na nusu. "Nilikuwa nimejiandaa kuogopa," anasema, huku akimbembeleza binti mapajani. "Sikupata muda."

Uchaguzi uliopita jina la dada yake lilirudi. Safari hii alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya elfu tisa.

Sasa ana muswada wake mwenyewe, utakaopigiwa kura kikao kijacho: mradi wowote usiandikwe umekamilika mpaka wanaoutumia watie sahihi. Mkunga wa zahanati, mwalimu wa shule, mama anayechota maji. Anasema ameshahesabu wanaomuunga mkono na wanatosha, wakiwemo waliokuwa wakimwita mto wa kulalia.

Na baada ya hapo?

Anafunga daftari. "Natamani siku moja nisimame niseme, 'Mheshimiwa Spika, nilikwenda, nikaona kwa macho yangu, na jibu la Waziri ni la kweli.' Halafu nikae chini."