Kilomita za Kilio

Mwaka ambao gari langu lilianza kutoa moshi mwingi kuliko mwendo, mhasibu wangu aliniuzia daftari. Yeye alidai ni zawadi, lakini bei yake niliiona ndani ya malipo yake, nami macho yangu ni mazima. Lilikuwa daftari la shule, lenye picha ya tembo kwenye jalada, na ndani alikuwa amechora mistari kwa rula: tarehe, nilikotoka, nilikokwenda, namba za kilomita kwenye dashibodi nikiondoka, namba nikifika. Mwisho kabisa palikuwa na safu mbili ambazo zingenisumbua mwaka mzima. Juu ya moja aliandika KAZI. Juu ya nyingine aliandika YANGU.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za fotokopi. Wageni wakija Kolwezi wanapiga picha mashimo ya shaba na kobalti, na sijaona hata mmoja akipiga picha foleni ya watu wanaosubiri fotokopi. Wangepiga, wangetuelewa haraka zaidi. Hakuna jiwe linalotoka ardhini hapa bila karatasi, na hakuna karatasi inayokubalika bila nakala tatu. Depo za wanunuzi wa madini, shule, parokia, vibanda vya mbele ya mahakama, wote wana mashine, na mashine zote zinameza vumbi letu mpaka zinakohoa. Mimi ndiye ninayezifungua, nazipangusa, nabadilisha mipira inayovuta karatasi na wino wa unga. Sina bosi. Nina gari dogo lenye usukani upande usio wake, boksi la bisibisi, na simu isiyojua kunyamaza.

Mhasibu alinieleza jambo lenyewe polepole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Kilomita za kazi zikizidi nusu ya kilomita zote za mwaka, gari litahesabiwa kuwa chombo cha kazi, na mafuta, matairi na matengenezo yataondolewa kwenye mapato yangu kabla kodi haijapigwa. Zikiwa chini ya nusu, gari ni starehe yangu binafsi. Nilipenda hilo neno starehe. Nilimwomba siku moja apande nyuma, pale springi za kiti zinapotokeza. Lakini hesabu niliielewa: nilikuwa nimeweka pesa kando za kununua injini nyingine, na kodi nzima ingezimeza zote. Bila injini gari lingelala uani, na mimi na boksi langu tungelala nalo.

"Kazi ni kazi, mama, na yako ni yako," aliniambia. "Usichanganye."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa unafanya kazi kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa na nyumbani kwako ni mlango wa pili. Mimi wiki ya kwanza tu nilikwama. Jumapili nilikwenda kusali, na baada ya misa padri akaniongoza moja kwa moja hadi kwenye mashine yake iliyokuwa inatafuna karatasi. Kwenda ilikuwa yangu na kurudi ilikuwa kazi? Niliandika hivyo, na kilomita niligawa kwa haki, mbili kwa Mungu na mbili kwa kodi.

Halafu vikaja vilio. Kwetu kilio ni siku kadhaa za kukaa nyumbani kwa wafiwa, wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake kwenye majiko uani. Ndivyo wanavyokaa wengine. Mwenye gari hakai. Mwenye gari anatumwa makala, yaani mkaa, anatumwa unga, anatumwa viti kwenye kanisa jirani, anatumwa bibi fulani ambaye hawezi kupanda pikipiki. Na sisi wanawake tukiondoka nyumbani hatusemi tunakwenda kuhani. Tunasema tunaenda kufanya kazi ku kilio, na anayetusikia anatuelewa.

Kilio cha kwanza cha mwaka ule kilikuwa Mutoshi, cha mama wa mteja wangu. Nilirudi mikono ikinuka vitunguu, mgongo ukiniuma, nikafungua daftari. Safu ipi? Yangu haikuwa, kwa sababu kilio kilikuwa cha wenyewe, na zile sufuria tatu za sombe, majani ya muhogo, sikujipikia mimi. Nilikuwa nimefanya kazi tangu asubuhi. Nikaweka alama kwenye KAZI, na dhamiri yangu ikalala vizuri kuliko mgongo wangu.

Na tena, kilio ndicho kinachonipa wateja. Sala zikiisha, watu wanaongea. Mmoja anasema mashine yao ya ofisini imekufa, mwingine ananyoosha kidevu kuelekea uani na kusema fundi wake ni yule pale anayesonga bukari, ugali wetu. Nimepewa kazi nyingi nikiwa na mwiko mkononi kuliko nikiwa na bisibisi.

Katikati ya mwaka mhasibu alipitia daftari akavua miwani. Aliniuliza maana ya "kilio" kwenye safu ya KAZI, tena na tena, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamweleza. Akasema fomu ya serikali imeandikwa kwa Kifaransa, na neno la Kifaransa la kazi halina nafasi ya vitunguu. Nikamuuliza ni nani basi aliyeandika KAZI kwenye daftari. Neno hilo alikuwa amelichagua mwenyewe, ili mtu wa aina yangu aelewe. Mwishowe akanishauri niache ilivyo, huenda wasitazame. Huo ndio ushauri niliomlipia.

Mwezi wa nane yaya yangu alikufa. Yaya ni kaka mkubwa, tumbo moja, wa mwisho niliyekuwa naye. Alikaa Musonoi, alikuwa karani, alikuwa na shinikizo la damu na hakupenda kuambiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, akiwa ameshika breki ya mkono muda wote na kujifanya hajaishika. Nilimpenda kuliko watu wote, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia.

Mimi nilipaswa kukaa ndani kwenye mkeka, pamoja na mjane wake, nywele zisizochanwa, nikipewa uji na kulazimishwa kuunywa. Hiyo ndiyo nafasi ya dada. Lakini nilikuwa na gari. Siku ya kwanza walihitaji viti, nikaenda. Ya pili walihitaji makala, halafu maji, halafu bati la kuongeza kivuli. Mama mdogo, yule mdogo wa mama yetu, alikuwa Dilolo na treni hakuiamini, kwa hiyo nilikwenda Dilolo na kurudi, mchana kutwa huko na mchana kutwa huku, naye nyuma akiomba rozari kila injini ilipokohoa. Siku tisa nilizunguka. Na niseme ukweli: nilishukuru kutumwa. Kila mara wanawake wa mkekani walipoanza kulia kwa sauti, mimi nilikumbuka kwamba maji yamepungua, nikachukua funguo.

Jioni nilikaa garini nikaandika namba zangu. Safu ya KAZI. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mwaka ulipogeuka nikaitwa kwenye ofisi ya kodi na daftari langu. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye tai nyembamba, na kabla sijaketi nilishasikia kwenye korido mashine yao ya fotokopi ikilia kwa mpira uliokauka. Alianzia Musonoi. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya namba zangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamata kuku wa jirani kwenye banda lake: mwanzo wa mwaka Musonoi ni mbali kiasi hiki, katikati ya mwaka imeongezeka, mwisho wa mwaka imeongezeka tena. Musonoi inahama? Nikamwambia Musonoi haihami, shimo la mgodi ndilo linalokula barabara, na kila likila sisi tunalizunguka. Alipiga simu kwa mtu, akasikiliza, akafuta mstari wake.

Kisha akafika kwenye vilio. Nilijitetea kwa saa nzima. Nilimwonyesha risiti: kilio cha siku hii, na siku tatu baadaye mteja mpya kutoka kilio hichohicho. Nilimweleza vile vitunguu. Nilimuuliza kama yeye, mfanyakazi mwenzake akifiwa, ofisi haimpi mafuta ya kwenda. Hapo alikuna shavu. Akasema haya, sheria haikufikiria sufuria, lakini kilio kilichozaa risiti atakihesabu kuwa kazi. Alijumlisha, na nikaona kwa macho yangu kwamba nilikuwa nimevuka nusu, si kwa mbali, lakini nimevuka. Nilianza kuifikiria injini yangu.

Zilibaki za kukagua siku tisa za mwezi wa nane, ambazo alikuwa amezijumlisha kama nilivyoziandika. Aliweka kidole kwenye Dilolo.

"Mama, unatengenezaka fotokopi mpaka ku Dilolo?"

"Hapana, tata. Nilienda kuleta mama mudogo, juu ya kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya yaya yangu."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa. Lakini kalamu ilikuwa mkononi, na yeye alikuwa ameshaweka kanuni yake, kwa hiyo aliniuliza kama pale nako nilipata mteja.

Nilipata. Ndilo jambo baya zaidi katika habari hii. Siku ya nne, nikiwa nashusha madumu ya maji, mtu wa depo moja alinisogelea akanipa pole, kisha akanipa namba yake: mashine tatu, mkataba wa mwaka. Mteja bora niliyewahi kupata. Risiti zake zilikuwa palepale mezani, juu ya nyingine zote.

"Basi hii njo kazi," mkaguzi alisema, na akaanza kuandika. "Acha vile."

Ningekaa kimya tu. Kukaa kimya ni bure, hata pale. Lakini nilikuwa nakitazama kidole chake, kikishuka mstari kwa mstari, viti, makala, maji, Dilolo, kaburini, na kila mahali mwandiko wangu mwenyewe ukisema kazi, kazi, kazi, nikaona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Vile vilio vingine nilikuwa nimevitetea kwa moyo mweupe, kwa sababu havikuwa vyangu.

"Hapana, tata," nikasema. "Ile ilikuwa yangu."

Alisimamisha kalamu. Alinieleza kwa upole kwamba nikiziondoa kilomita zile, na Dilolo peke yake ni ndefu, sitafika nusu, na kwamba hakuna mtu atakayeuliza. Nikamwambia najua. Akanisogezea daftari ili nisahihishe mwenyewe, maana yeye haruhusiwi kugusa maandishi ya mlipa kodi. Nikakata alama moja moja upande mmoja, nikaziweka upande wa pili. Nilichukua muda. Yeye alitazama dirishani.

Tulipomaliza alijumlisha upya, akaandika kiasi, akagonga muhuri. Kisha akasimama, akatoa noti mfukoni mwake, si mezani, akanipa kwa mkono wa kulia, ameushikilia kwa wa kushoto.

"Pole sana, mama. Ni kidogo, ya kupanguza machozi."

Machozi yenyewe sikuwa nayo. Nilimshukuru, nikatoka, na nikawaza kwamba labda mimi ndiye mlipa kodi pekee katika mkoa mzima wa Lualaba aliyetoka ofisi ile na pesa aliyopewa. Ningemhadithia yaya yangu jioni. Angecheka mpaka akohoe.

Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia, wa nane au wa tisa hivi, bahasha ya pesa za injini chini ya kwapa, nilipokumbuka kwamba yaya hayupo wa kumhadithia. Ndipo nikalia. Sikulia kwa ustaarabu. Nililia kama wale wanawake wa mkekani niliowakimbia siku tisa, mpaka mzee aliyekuwa mbele yangu akaniachia kiti chake. Watu walinizunguka. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alinifuta uso kwa kitambaa chake. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu muhuri kwenye karatasi yangu ulionekana vizuri, na kiasi kilichoandikwa chini yake pia.

"Pole, mama," akasema yule mzee. "Hii kodi yabo itatuua."

Nikaitikia kwa kichwa. Mama wa mawese akasema hata yeye mwaka uliopita walimliza, akaketi chini kando yangu sakafuni, akanishika mkono, na foleni ikaendelea kusogea bila sisi.