Kiti cha Mbele Kwenye Treni ya Joka

Nikifumba macho hata leo naikumbuka siku ile, mjukuu wangu. Krismasi ilikuwa imepita juzi tu, jua lilikuwa kali, na uwanja wa pale Moshi mjini ulifurika watu waliorudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi. Unatujua sisi Wachagga. Ikifika Desemba, hata aliyesahau njia ya kwao anaikumbuka.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache, nimeolewa Machame. Mume wangu Elia, huyu babu yako unayemwona akihangaika na ng'ombe wake, alikuwa mpagazi wa watalii mlimani. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mcheshi, akiingia nyumbani hata kuku wanajua kaingia. Lakini safari ile alishuka mlimani amepoa. Ukimuuliza anajibu neno moja. Ndizi nilizompikia alizigusagusa tu, akasema ameshiba. Mimi nikasema moyoni, ni uchovu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi katika nyumba ile nilikuwa bado mgeni.

Basi, mwaka ule walikuja mjini watu wenye michezo ya kubembea. Walikuwa na farasi wa mbao wanaozunguka, na kubwa kuliko yote, treni ndogo ya wazi inayopanda reli polepole kama mzee mwenye pumu, ikifika juu inajiachia mpaka chini, inapinda, inapanda tena. Behewa la mbele lilikuwa na kichwa cha joka chenye meno mekundu. Wifi zangu wawili waliokuja kutoka Dar walisema lazima tuipande. Mama mkwe akajifunga kitenge chake cha kanisani akaja nasi, akisema yeye atashika mikoba.

Kijana aliyekuwa akikata tiketi nilimuuliza wapi ni pazuri kukaa. Akanijibu kama mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi. "Dada, mbele unaona kila kitu kinavyokuja. Nyuma kabisa unarushwa zaidi. Katikati ni kwa wale wanaojaribu."

Mimi nikataka mbele. Kwa nini nisikae mbele? Nilikuwa na mume anayepanda mlima ambao wazungu wanalipa nauli ya ndege kuja kuushangaa. Nilitaka wifi zangu wanione pale nyuma ya kichwa cha joka, nimeketi na mume wangu. Ujana, mwanangu, unataka kuonekana hata pale ambapo hakuna anayekutazama. Tukasimama kwenye foleni, na zamu yetu ilipofika, kiti cha mbele kikawa kimeshachukuliwa, nikasema tuwapishe wengine, tungoje treni irudi.

Elia akasema kwa sauti ya chini, "Nenda na wifi yako. Mimi nitawatazama."

"Utatutazama vipi? Wewe si mtu wa mlima?"

"Sijisikii."

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponyoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, nami nilikuwa nimeifundisha methali hiyo darasa zima la Jumapili. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Mwanamume wa kupanda kilele cha Kibo anaogopa kitu cha watoto?" Watu kwenye foleni wakacheka. Wifi mmoja akapiga makofi. Elia hakucheka wala hakukasirika. Akasogea tu akasimama mbele yangu, karibu na lango, mikono mfukoni.

Mama mkwe aliniita kando. Nilidhani anataka kunipa mkoba. Aliongea taratibu, macho yake yakiwa kwa mwanawe.

"Binti yangu, umeitazama mikono yake?"

"Iko mfukoni, mama."

"Ndiyo. Tangu ashuke inatetemeka, ndiyo maana anaificha. Sijui kimempata nini huko juu. Sijamuuliza, namngoja aseme mwenyewe. Lakini wewe unatafuta kiti kizuri, na hujamtazama utakayekaa naye."

Ni hayo tu. Hakunigombeza, hakuinua sauti, na wifi zangu hawakujua kama nimekemewa. Mpaka leo nashukuru namna alivyonikemea kuliko hata maneno yenyewe, maana angeweza kunivua nguo mbele za watu kama nilivyomvua mwanawe.

Nilirudi nikamwambia Elia, "Tuachane nayo. Twende tukanywe soda."

Akatikisa kichwa. "Umeshanisema mbele za watu. Nikiondoka sasa watanicheka mpaka Pasaka."

Nilimjua kwa ubishi wake. Treni ikarudi, lango likafunguliwa, na safari hii kiti cha mbele kilikuwa wazi, kinatungoja sisi. Nikawaambia wasichana wawili waliokuwa nyuma yetu, "Kaeni ninyi." Nikamshika Elia mkono, nao kweli ulikuwa unatetemeka, tukaenda kukaa behewa la katikati. Hakuuliza kwa nini. Chuma cha kutuzuia kikashushwa mapajani, treni ikaanza kupanda.

Kule juu nilikuwa sioni kitu zaidi ya migongo ya watu. Sikujali. Ilipojiachia, wote walipiga kelele, na katikati ya kelele zile nikamsikia mume wangu akiita jina. "Samweli!" Aliliita tena kwenye kona, ameyafumba macho, na vidole vyake vilibana vyangu mpaka pete ikaniumiza.

Tuliposhuka, nilimvuta kando. Tukakaa kwenye nyasi, mbali kidogo na watu. Akanieleza. Samweli alikuwa mpagazi mwenzake, kijana wa Kirua Vunjo, walilala hema moja safari baada ya safari. Wakiwa wanashuka, mvua imelowesha mawe, Samweli aliteleza. Elia alimdaka mkono wa koti. Akamshikilia. Koti likachanika.

"Nimemzika nikijificha nyuma ya watu, nikaja hapa kula Krismasi," aliniambia. "Sikutaka kukuharibia sikukuu yako ya kwanza kwetu."

Nililia, naye akalia, na mama yake akaja na mikoba yote begani akakaa upande wake wa pili, akamwekea mkono mgongoni bila kuuliza. Wifi zangu waliacha kucheka, wakaenda kutununulia maji.

Kesho yake tulikwenda Kirua Vunjo, mimi na yeye, na mkungu wa ndizi na maziwa. Tulimkuta mama yake Samweli jikoni. Elia akasema, "Shikamoo, mama," akabaki amesimama mlangoni. Yule mama akaiacha kazi yake, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Waliniambia kuna aliyemshika mpaka mwisho. Ni wewe?" Elia akaitikia kwa kichwa. Baada ya miezi kadhaa Elia alirudi mlimani, akafanya kazi ile mpaka magoti yalipokataa. Lakini usingizi uliokuwa umempotea ulimrudia tangu siku ile ya Kirua Vunjo.

Mwanangu, mwaka huu nimewasikia ninyi mkibishana mbele ya simu kuhusu kiti gani ni bora kwenye mitambo hiyo mikubwa ya siku hizi. Mbele kuna raha yake, na nyuma kuna raha yake, siwakatazi. Ila kabla hujachagua kiti, mtazame unayekwenda kukaa naye. Mtu shujaa naye huchoka, na anayenyamaza si lazima awe mzima kwa kuwa tu hajalalamika. Usimtanie mwenzako mbele za watu kwa jambo ambalo hujajua chanzo chake. Na ukilazimika kumkemea mtu, mwite kando kama nilivyoitwa mimi, useme machache, kisha umwache arekebishe mwenyewe.

Sasa sikukuu zimekwisha, nenda salama. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akupe wa kukushika mkono unapoteleza, na akupe mkono imara wa kuwashika wenzako. Na pale mkono utakaposhindwa, akupe watu wa kulia nao. Amina.