Subilaga Alivyonichagulia Kisu

Usiku ule nililala kidole kimefungwa kitambaa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kazi yangu simwachii mtu mwingine, ila sikujua nitaifanya kwa kitu gani.

Kazi yenyewe ni kubebesha miche ya parachichi. Sisi akina mama wa kikundi chetu, huku kwetu Rungwe, tuna kitalu kando ya kijito. Tunaotesha mbegu za parachichi za kienyeji. Mche ukifika unene wa penseli tunaukata kichwa, tunaupasua katikati, halafu tunachomeka kikonyo, yaani kijitawi cha parachichi la kisasa kilichochongwa kama kabari. Tunafunga kwa utepe wa nailoni na kungoja. Vikishikana, mche umepona na una soko. Visiposhikana, kikonyo kinakauka na mche umepotea. Yote yanategemea mkato ulionyooka, na mkato haunyooki bila kisu cha maana.

Aliyenifundisha alikuwa rafiki yangu Subilaga. Tuliolewa kijiji kimoja, mashamba yetu yakapakana, na alipokwenda kujifunza kubebesha alirudi akanishika mkono, akasema tutafanya wote. Alikuwa na kisu chake cha kukunja ambacho hakikutoka mfukoni mwake, awe shambani au kanisani. Alipofariki, katika pilikapilika za msiba kisu kile kikapotea, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiulizia. Hata binti yake Atupele, mwanamke mzima ambaye siku zote tulikuwa naye kitaluni, hakukanyaga tena pale tangu mazishi.

Nikabaki natafuta kisu changu. Cha kwanza nilikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi, na makali yake yakaisha kabla sijamaliza tuta moja. Cha pili kilikuwa na mpini wa rangirangi na bapa linalong'aa hata unajiona meno. Muuzaji aliniapia kwa jina la mama yake. Kilikuwa kinachana badala ya kukata, na vikonyo vikakauka mstari mzima. Kilichofuata ndicho kilichojikunja mkononi mwangu nikiwa nimekikandamiza kwenye mche. Damu ilitiririka mpaka kwenye viriba vya udongo.

Mama Lusajo, mwenyekiti wetu, alinifunga kidole yeye mwenyewe. Alipomaliza akaniita kwa jina, akasema, "Tumpe, pole. Lakini miche inazidi kunenepa. Tumwite yule fundi wa mjini aje amalizie."

"Akija yule, nusu ya miche ni yake," nikamwambia. "Ndivyo anavyolipwa."

"Sasa wewe utabebesha kwa meno?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, ila lilinichoma.

"Nipe mpaka gulio lipite," nikasema.

Gulio lilikuwa kesho yake. Nikarudi nyumbani, nikala kidogo, nikalala.

Sikumbuki usingizi ulivyonichukua. Nakumbuka tu kwamba kulikuwa kumekucha, ukungu umeondoka juu ya migomba, na mimi nimesimama kitaluni na ndoo ya maji. Subilaga alikuwa upande wa pili wa tuta, ameinama, anang'oa magugu. Sikushtuka. Niliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba yupo, na kwamba mimi ndiye niliyechelewa kufika.

"Ugonile," akanisalimu. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, Wanyakyusa, ya kumuuliza mtu kama amelala.

"Ndaga," nikaitikia.

Nilitaka kumweleza habari za kisu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Akautazama mkono wangu wenye kitambaa. Akajifuta udongo kwenye gauni, akaanza kuondoka, nami nikaweka ndoo chini nikamfuata.

Tunapita katikati ya mashamba ya chai, na chai haina mwisho. Mgongo wake umenyooka. Anatembea kama alivyokuwa akitembea tulipokuwa tumeolewa karibuni, haraka, bila kugeuka, akijua kwamba nakuja. Natazama miguu yangu nisijikwae, na ninapoinua macho chai si chai tena. Ni meza. Meza za gulio zimetapakaa mlima mzima, na juu ya kila meza kuna visu vya kukunja, vimefunguliwa, ncha zimetuelekea sisi. Wauzaji wamekaa nyuma ya meza, kimya. Sijawahi kuona gulio lisilo na anayeita wateja.

Nikanyoosha mkono, nikachukua kinachong'aa kuliko vyote. Nilipokishika tu, kikalegea, kikaning'inia vidoleni kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Muuzaji akafungua kiganja, anataka pesa yake. Naanza kutafuta kwenye kibindo cha kanga. Subilaga ananisukuma kwa bega, kama alivyozoea, tunasogea meza nyingine.

Anakuja nyuma yangu, ananifunika macho. Kiganja chake ni cha moto, kina harufu ya utomvu.

"Kisikilize," anasema.

Ananitia kisu mkononi. Nakifungua bila kuona. Kinakwaruza kama kina mchanga ndani. Anakichukua, ananipa kingine. Hicho kinafunguka kwa ulaini, lakini kikifika mwisho hakisemi kitu. Bapa linabaki linacheza kama jino la mtoto. Anakichukua. Kinakuja kingine, na kingine, na kila kimoja nakijua kabla hajakiondoa. Halafu kinakuja kizito kidogo. Nakifungua taratibu na mwisho kinasema ta! Sauti fupi, kavu, ya kitu kilichofika mahali pake. Moyo wangu ukatulia.

Alipoondoa kiganja tulikuwa jikoni kwake. Moto unawaka, sufuria imeinjikwa, na wala sioni ajabu. Amekaa kwenye kigoda. Anashika mpini kwa mkono mmoja, kwa vidole vya mkono wa pili anabana bapa karibu na ncha, analisukuma kushoto, analisukuma kulia. Halitikisiki. Ananipa nifanye, nami nafanya. Anakandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa kigoda, polepole, halafu kwa nguvu. Kisu hakijikunji. Ananipa, nakandamiza, na kidole changu chenye kidonda hakiumi. Anakifunga, anakiinua kuelekea dirishani, anatazama kama ncha imezama yote ndani ya mpini isije ikamchoma mtu mfukoni. Mwisho anaingiza mkono ndani ya moto na kutoa kikonyo kibichi, cha kijani, kina umande. Anakivuta mara moja kwenye makali. Uso wa mkato unang'aa kama kioo kilicholowa.

Hapo ndipo nilipokitazama kisu chenyewe. Kilikuwa kibaya kwa sura. Mpini mweusi umechubuka, bapa lina madoa ya kutu. Mezani nisingekigusa.

"Kinauzwa wapi?" nikamuuliza. Ndiyo maneno ya kwanza yaliyotoka.

"Pale unapopita bila kusimama."

Nikakifunga, nikakikumbatia kifuani. Jikoni hamna moto tena. Tuko nje, mvua inanyesha kwenye migomba, nami nalowa, yeye halowi. Nikajua sasa, kwa mara ya kwanza tangu tuonane, kwamba hatutarudi wote.

"Kazi usimpe mtu," akasema. "Na mwambie Atupele aje akushikie miche."

"Mbona usimwambie mwenyewe?"

Akanitazama sana.

"Nikimwita mimi, ataamka analia."

Nikataka kumshika mkono. Nilikaza ngumi nisije nikakiangusha kisu, na nilipoikaza ndipo nilipoamka. Kidole kilikuwa kinapwita ndani ya kitambaa. Ngumi ilikuwa tupu. Jogoo wa jirani alikuwa anawika, na dirisha limeanza kuwa jeupe.

Nikainuka nikavaa.

"Mama Gwamaka, mapema yote hii unakwenda wapi?" mume wangu akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Gulioni."

"Gulio halijapangwa bado."

"Nitalikuta linapangwa."

Nilipofika walikuwa ndiyo wanatandaza maturubai. Nikapita kwa wenye visu vipya, vimepangwa kwenye vitambaa vyekundu, wakaniita mama, wakaniita dada, wakaniita mteja wa kwanza mwenye baraka. Sikusimama. Nikaenda mpaka mwisho, kwenye kile kipande ambacho kila mtu hukipita akikimbilia nguo za mitumba. Pale hukaa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu: bawaba, minyororo ya baiskeli, makufuli yasiyo na funguo. Nimepita mbele yake miaka yote, wala sijawahi kumtazama ana nini.

"Shikamoo baba. Una kisu cha kukunja?"

"Marahaba. Vimo humo kwenye beseni. Ila kama unataka kizuri ninacho hiki kipya, hata boksi lake lipo."

Nikakichukua hicho kipya kwanza, nisije nikakihukumu bure. Nikafumba macho, nikakifungua.

"Mama, umelala?"

"Nasikiliza."

"Kisu si redio," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kilikuwa kinakwaruza. Nikabana bapa, likacheza. Nikamrudishia, nikachuchumaa kwenye beseni.

Nilitafuta mpini mweusi, nikapekua mpaka chini kabisa. Haukuwepo. Sitaficha, nilivunjika moyo. Nilikaa pale na mikono michafu nikijiona mjinga, mtu mzima aliyeamka alfajiri kufuata kitu cha ndotoni. Mzee akaniuliza kama nimemaliza. Karibu niseme ndiyo. Halafu nikafikiri: Subilaga hakunipa kisu. Kama angetaka nitafute mpini mweusi, angenifunika macho ya nini?

"Bado," nikamwambia. "Niazime tone la oili."

Nikaanza upya. Kimoja kimoja nilikitia oili kwenye ribiti, pale bapa linapoungana na mpini, nikakifungua na kukifunga mpaka kikalainika, nikafumba macho. Wateja wakaja wakaondoka. Jua likapanda. Vingi nilivirudisha kwenye beseni. Kisha nikafika kwenye kimoja cha mpini wa mti, wa rangi ya chai ya maziwa, umepasuka kidogo kwenye kona. Kilikuwa kigumu kwa kutu. Nikakibembeleza kwa oili, kikaanza kukubali. Nikafumba macho nikakifungua.

Ta!

Nikabana bapa, nikasukuma kushoto na kulia. Kimya. Nikakandamiza mgongo wake kwenye jiwe, kwa nguvu zangu zote. Hakikujikunja. Nikakifunga, ncha ikazama yote. Kutu ilikuwa ya juu juu tu; nilipoisugua kwa mchanga, chini yake chuma kilikuwa kizima.

Kosa ni kwamba mzee aliniona nimefurahi. Akataja bei ya kile kipya.

"Baba, hiki kina kutu."

"Chuma kama hicho hakitengenezwi siku hizi. Hakipatikani."

"Kama hakipatikani, mbona kilikuwa chini ya beseni?"

Akajikuna shavu. Tukavutana, akashuka, nikapanda kidogo, nikasimama kama naondoka, akaniita. Nilikinunua kwa bei iliyo chini ya ile niliyolipia kisu kilichonikata. Aliponifungia kwenye gazeti akasema, "Ukirudi, uje unichambulie beseni lote nijue nina nini."

Nyumbani nilikinoa kwenye jiwe la maji mpaka kikawa kinanyoa malaika ya mkono. Ndicho ninachotumia mpaka leo. Miche niliyobebesha kwa kisu kile ilishika karibu yote, na yule fundi wa mjini hakuitwa. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, kabla sijagusa mche hata mmoja, nilikuwa na ujumbe wa kupeleka.

Nilimkuta Atupele kibarazani kwa mama yake, anachambua maharage kwenye ungo. Akaniletea kiti. Nikakaa, nikamweleza yote tangu mwanzo: magugu, chai, meza, jikoni, mvua. Hakuinua kichwa, mikono yake ikaendelea kuchambua. Nilipofika kwenye maneno aliyoniagiza, mikono ikasimama.

"Anasema uje unishikie miche," nikamwambia. "Kazi ni kubwa, mwanangu. Naianza leo."

Atupele ndiye aliyelala chumba kimoja na mama yake miezi yote ya mwisho, akisikiliza kikohozi cha kile kifua kilichomuua, usiku na mchana, akimwinua akae, akimshikia bakuli. Nikafikiri nimemtonesha.

"Mama mdogo," akasema, "alikuwa anakohoa?"

Nikakumbuka vizuri kabla ya kumjibu, kwa sababu swali lile halikutaka jibu la kubahatisha.

"Hapana. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa haraka, mpaka mimi ndiye niliyehema. Hakukohoa hata mara moja."

Akaweka ungo chini. Akachukua kanga kwenye kamba, akaikung'uta, akajifunga kiunoni.

"Ningoje nifunge mlango," akasema.